Maji ya Jioni

Mtaani waliendelea kumwita Fundi hata baada ya mikono yake kusahau mwiko. Alikuwa mwashi, mtu wa kuta zilizonyooka, mwenye ulimi mkali kwa vibarua wavivu na moyo mwepesi kwa wenye shida. Kisha siku moja jukwaa likavunjika mguu naye yuko juu, usawa wa ghorofa ya tatu. Hakufa. Ilivunjika shingo, na kutoka pale kwenda chini mwili ukawa hauagiziki tena. Kichwa kilibaki chake, sauti ilibaki yake, mabega yalihisi, na mkono wa kulia ulikubali kukunjika kwenye kiwiko ingawa vidole havikushika kitu.

Waliokuja kumpa pole walisema hujafa hujaumbika, wakatikisa vichwa, wakanywa chai, wakaenda zao. Aliyebaki ni mkewe.

Mke alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mfupi, mkavu kama kuni ya mpingo. Alijifunza kumgeuza mwanamume aliyemzidi uzito mara mbili. Alfajiri alichemsha maji, akamwogesha, akamwaga mfuko wa mkojo, akamlisha uji, akamlaza kwa ubavu akitazama ukuta, kisha akakimbilia kazini. Mchana alirudi mbio kumgeuza upande wa pili asipate vidonda vya kulalia, akakimbia tena. Jioni yakaanza upya. Majirani wakasema, "Yule mama peponi ataingia bila kupiga hodi." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hakuna aliyeuinua akaona uzito wake.

Fundi alizisikia sifa hizo kupitia dirishani na kuzimeza kama dawa chungu. Hakuwa na ubishi. Lakini mtu anayebebwa hana la kusema juu ya njia, na yeye alikuwa na mengi asiyoyasema. La kwanza lilikuwa lile la maji. Maisha yake yote ya uashi alioga jioni, baada ya kazi, akayatazama maji ya kwanza yakitoka na rangi ya saruji na ya pili yakitoka meupe. Sasa alimwagiwa maji kabla ya jua, usingizi ukiwa machoni, kwa haraka, kitambaa kikipita mwilini kama kinavyopita mezani. Mtoto huogeshwa, maiti huoshwa, mtu mzima huoga. Fundi alijiuliza yeye yuko wapi katika hayo matatu, na jibu hakulipenda.

La pili lilikuwa zito zaidi. Mkewe alikuwa amempotea humo humo ndani ya nyumba. Alilala kwenye godoro sakafuni kando ya kitanda chake, na maneno yao yalikuwa yamebaki machache: fumbua, meza, tayari, bado. Zamani walikuwa watu wa kubishana mpaka chakula kinapoa. Alimwita "baba watoto" kwa wingi, ingawa Mungu aliwapa binti mmoja tu, naye aliolewa akaenda mbali. Jina lilibaki, utani uliokuwa ndani yake ukaondoka.

*

Katibu wa chama cha watu wenye ulemavu alifika mchana mmoja wa siku ya mapumziko. Alikuwa mwanamke wa makamo, miguu imesinyaa tangu utotoni, kwenye kiti cha magurudumu kilichosukumwa na msichana asiyesema neno. Nesi wa kliniki ndiye aliyempa habari za Fundi.

"Tuna mpango wa wasaidizi binafsi," alisema. "Msaidizi si nesi, si yaya, wala si mtumishi wa nyumba. Ni mikono na miguu ya mtu ambaye vyake vimegoma. Unamchagua mwenyewe, unamwelekeza mwenyewe, asipokufaa unamwachisha mwenyewe. Mshahara wake unatoka kwenye mfuko wa mpango."

Mke akajibu kabla kikombe hakijafika mezani. "Tunashukuru. Lakini mume wangu hana haja ya mtu wa kuajiriwa. Ana mke."

"Naona, dada. Na mke ana nani?"

Katibu akamgeukia Fundi, akamtazama usoni, jambo ambalo wageni walikuwa wameacha kulifanya. "Nimekuja kwako wewe, bwana. Unasemaje?"

Fundi alitazama dari. Alijua kwamba neno atakalolisema litamkata mtu. "Nijaribu," akasema.

Mkewe akainuka akakusanya vikombe, wakati chai ilikuwa bado haijanyweka.

Msaidizi wa kwanza alikuja amepiga pasi mpaka soksi. Alikuwa kijana mwema, wema ukimtoka kama jasho. Akimgusa mkono, "Pole, mzee." Akimgeuza, "Pole sana, mzee." Kijiko kikigonga jino, pole tatu. Na kila alipotaka kujua jambo alimuuliza mke: mzee anapenda kukaa wapi, mzee anakula chumvi, mzee amelala au amefumba macho tu? Siku ya tatu Fundi akamwambia, "Kijana, mimi nimevunjika shingo, masikio ni mazima. Niulize mimi."

"Pole, mzee," akasema kijana, kisha akamgeukia mke. "Mama, amekasirika?"

Jioni hiyo Fundi alimwachisha kwa maneno ya heshima, na kijana akaaga kwa pole ya mwisho, ndefu kuliko zote. Mlango ulipofungwa mke alikuwa amesimama na kitambaa cha vyombo, midomo imebana. Fundi akamtazama. "Pole, mama watoto," akamwambia. Mke akapasuka kicheko. Alicheka mpaka akakaa chini, na Fundi naye akacheka kwa kichwa na mabega, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa navyo. Hawakuwa wamecheka pamoja tangu jukwaa lile.

*

Wa pili aliyeletwa na chama alikuwa mrefu hata akagonga kichwa kwenye kizingiti cha juu siku ya kwanza. Aliwahi kuwa golikipa, goti likamstaafisha mapema. Mtaa haukuchelewa, jioni hiyo hiyo ukamwita Twiga. Alichuchumaa mbele ya kitanda mpaka macho yake yakalingana na ya Fundi, akauliza, "Tunaanzia wapi?"

"Sijui," Fundi akasema. "Mimi huwa naanziwa."

Twiga hakucheka wala hakusema pole. Alibaki pale pale amechuchumaa, akisubiri kama mtu anayengoja penalti. Na katika kusubiriwa huko Fundi akahisi kitu kikipanda kifuani ambacho alidhani kilishakufa, yaani kutaka.

"Leo asubuhi sitaki maji," akasema. "Nivalishe. Nitoe nje, uani. Nitaoga jioni."

Mke aliporudi mchana mbio kama kawaida yake, alimkuta mumewe uani, kwenye kiti, chini ya kamba ya nguo, amevaa shati la zamani la kutokea. Hakuwa ameoga. Uso wa mwanamke ukabadilika.

"Ndiyo kazi hiyo? Mpaka saa hizi mtu hajaogeshwa?" alimfokea Twiga.

"Mimi ndiye niliyesema," Fundi akajibu.

"Wewe umesema nini?"

"Nimesema nitaoga jioni."

Mwanamke aliangalia kiti, akaangalia shati, akarudi kazini bila kula.

Jua lilipolegea Twiga alimwingiza bafuni, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa mkanda. "Anzia kichwani," Fundi aliagiza. "Mimina. Zaidi. Usinifute, yaache yashuke yenyewe." Maji yalishuka usoni, yakapita shingoni, yakafika mahali ambapo hisia hukoma, na hata baada ya hapo aliyafuata kwa macho. Alikuwa akioga. Ulimtoka kifuani mngurumo wa chini, ule wa mafundi wakimaliza kazi, na mkewe, aliyesimama jikoni upande wa pili wa ukuta, aliusikia.

Baadaye, Twiga alipokwisha kwenda, mke alisimama mlangoni mwa chumba. "Miaka yote hii ulikuwa hupendi kuogeshwa asubuhi?"

Fundi angeweza kumdanganya. "Nilikuwa sipendi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unawahi kazini. Ningesema ili uniogeshe saa ngapi?"

Mwanamke alijifuta uso kwa upindo wa nguo. "Kwa hiyo nilikuwa nakutesa."

"Ulikuwa unanizuia nisife, mama watoto. Mtu anayezuiwa asife ataanzia wapi kulalamika kwamba maji ni ya mapema?"

Mkewe alipita akatandika godoro lake sakafuni, akalala akimpa mgongo. Fundi akabaki anautazama mgongo ule, mwembamba, ulioinama upande mmoja kwa kumnyanyua yeye.

Haikuwa rahisi. Kwa majuma mengi mwanamke alikuwa akirudia kila alichofanya Twiga: shuka lililotandikwa alilitandua akalitandika, shati lililofungwa alilifungua vifungo akavifunga upya. Twiga alimwacha arudie. Alimwambia Fundi siku moja, "Fundi, mimi nimezoea golini. Mabeki wengine hawaamini kipa mpaka ameokoa." Lakini kidogo kidogo mikono ya mwanamke ikaanza kukosa la kufanya. Aliingia chumbani akiwa ameinua mikono kama mtu aliyekuja kuchukua kitu, akakuta hakuna cha kuchukua, akatoka.

Kisha jioni moja alivuta kigoda akakaa kando ya kiti cha mumewe uani. Fundi alikuwa ametoka kuoga, ananukia sabuni. Mwanamke akaanza kumsimulia habari za jikoni shuleni, jinsi mwalimu mkuu alivyoonja maharage akaunguza ulimi mbele ya wanafunzi, akajifanya anakohoa. Aliigiza kikohozi. Fundi akampinga, akasema mwalimu yule hawezi kuonja, ni mchoyo hata wa ulimi wake. Wakabishana. Chakula kikapoa. Giza lilipoanza kuingia mwanamke aliegemeza kichwa chake begani mwa mumewe, bega lile ambalo bado lilihisi, na Twiga, aliyekuwa akianua nguo, akakumbuka ghafla kwamba nyumbani hamna chumvi, akaenda dukani na kuchelewa kurudi kuliko chumvi yoyote duniani.

Mwaka huo ulikuwa wao. Walitoka pamoja mpaka barabarani, mke akitembea kando ya kiti badala ya nyuma yake. Walikwenda kwenye sherehe ya jirani wakakaa meza moja kama watu wengine. Walinuniana, wakasuluhishana. Mke aliliondoa godoro lake sakafuni, akaliweka juu ya kitanda cha pili, wakaunganisha vitanda viwili.

*

Maumivu ya tumbo ya mke yalijulikana kwa bahati tu. Alikuwa akimkuna mumewe kichwa, mkono ukasimama, uso ukakunjamana. Fundi akamwagiza Twiga aite gari siku hiyo hiyo. Daktari alipima, akapeleka vipimo kwa wengine, akawaita. Ilikuwa saratani, nayo ilikuwa imetembea mbali.

Waliporudi Fundi aliomba waachwe wawili. "Ulianza kusikia maumivu lini?"

"Zamani."

"Zamani ya lini?"

Mwanamke alitazama mikono yake. "Ya wakati hakuna mwingine wa kukugeuza. Ningelazwa, wewe ungelala upande gani?"

Fundi alilia, na hakuwa na mkono wa kujifutia. Mkewe akainua mkono ili amfute, kisha akauacha hewani kidogo, akauliza, "Nikufute?" Akatikisa kichwa kukubali. Walilia pamoja, na hakuna aliyesema neno la kumfariji mwenzake, kwa kuwa kila mmoja aliujua uongo wa mwenzake kwa harufu.

Alipolazwa, Fundi alikwenda hospitali kila siku ambayo Twiga aliweza kupata gari la kuingiza kiti. Siku ya kwanza nesi wa mlangoni alimwona akaita mhudumu, "Leteni machela, kuna mgonjwa."

"Mimi si mgonjwa," Fundi alisema. "Nimekuja kumwona mke wangu."

Nesi akamtazama Twiga kana kwamba anataka uhakika. Twiga akatazama dari la hospitali kama mtu anayelikagua. Nesi akarudisha macho kwa Fundi. "Kitanda cha mwisho, dirishani, baba."

Mke alikuwa amepungua mpaka mto ulimzidi. Fundi aliagiza kiti kisogezwe mpaka goti lake liguse godoro, mkono wake wa kulia uinuliwe uwekwe chini ya mkono wa mkewe, kisha Twiga atoke. Aliukunja mkono taratibu, nguvu yake yote ya kiwiko, na kiganja cha mkewe kikabebwa juu ya kiganja chake mpaka kifuani pa Fundi.

"Nilimwonea wivu yule kijana," mwanamke alisema. "Siku ile ulipooga. Nilisimama jikoni nikasema, mimi nimemlisha miaka yote sijawahi kusikia sauti ile, anakuja mrefu huyu na ndoo moja."

"Najua."

"Halafu nikajiuliza, sasa mimi ni nani humu ndani?"

"Ukapata jibu?"

Alitabasamu kwa upande mmoja. "Nilikuwa nimesahau kwamba una maneno mengi hivi. Nilidhani uliyaacha kule juu ya jukwaa."

Alifariki baada ya majuma machache, asubuhi, mumewe akiwa pale. Pumzi zilipanda, zikashuka, zikawa mbalimbali, halafu moja haikufuatwa na nyingine. Fundi aliendelea kumtazama muda mrefu. Alitamani amfumbe macho kwa mkono wake mwenyewe. Akamwita Twiga, wakafanya hivyo pamoja: Twiga aliushika mkono wa Fundi, akaupeleka polepole, na vidole visivyohisi vikapita juu ya kope.

*

Walipokwisha kumzika, ndugu waliingia sebuleni. Alikuwepo kaka mkubwa wa Fundi, mwenye ghala la mbao, mtu aliyezoea neno lake kuwa la mwisho tangu baba yao alipokufa. Alikuwepo shemeji yake, mdogo wa marehemu. Alikuwepo binti yake, macho yamevimba. Fundi aliwekwa dirishani, uso ukitazama nje, kwa sababu mtu aliyesogeza viti alikisogeza na chake.

"Sasa huyu tutamweka wapi?" kaka alianza. "Kwangu kuna chumba cha uani. Kinahitaji dirisha tu. Nyumba hii ipangishwe."

"Kuna vituo vinavyopokea watu kama yeye," shemeji akasema kwa sauti ya chini. "Si kwamba namkataa. Nawaza matunzo."

"Mimi nitaacha kazi," binti akasema. "Nitarudi nyumbani. Ni baba yangu."

"Mumeo je?"

"Ataelewa."

"Nina neno," Fundi alisema, akitazama kioo cha dirisha.

"Tulia, mdogo wangu," kaka akamjibu kwa upole. "Leo una majonzi. Tuachie sisi." Kisha akaendelea na habari za dirisha la chumba cha uani.

"Twiga," Fundi akaita. Twiga aliyekuwa ukumbini aliinama chini ya kizingiti akaingia. "Nigeuze. Nisogeze mpaka katikati."

Magurudumu yalikwaruza sakafu. Meza ndogo ilibidi iondolewe, na waliokaa wakavuta miguu. Kaka akainua kiganja. "Kijana, mrudishe pale. Haya ni mambo ya ukoo."

Twiga alisimama nyuma ya kiti, mikono ameishusha. "Shikamoo, mzee. Mimi nafuata kauli ya mwenye nyumba."

Fundi aliwatazama mmoja mmoja.

"Mmeniweka uani, mmeniweka kituoni, mmeniweka mgongoni mwa mwanangu. Hakuna aliyeuliza kama nimehama hapa."

"Aliyekuwa anakutunza tumemzika leo," kaka akasema. "Hilo ndilo linalotusumbua. Hatukufukuzi."

"Najua tuliyemzika. Alinitunza mpaka akajisahau. Alikuwa na ugonjwa tumboni akauficha ili mimi nigeuzwe kwa wakati. Kazi ile ilimla, kaka, nami nilikuwa nimelala pale namtazama ikimla, na nyote mkasema ataingia peponi bila hodi. Sitaikabidhi kazi ile kwa mtu mwingine kwa jina la upendo. Wewe utasema karibu, lakini mkeo ndiye atakayebeba ndoo. Umemuuliza?"

"Mwanangu," Fundi akamgeukia binti, "rudi kwa mumeo na kazi yako. Njoo kunisalimu. Njoo tugombane. Usije kunigeuza."

Binti akaficha uso mikononi.

"Na huyu akiondoka?" Kaka alimnyooshea Twiga kidole. "Wa kuajiriwa ni wa kuajiriwa. Damu ni damu."

"Akiondoka nitachagua mwingine. Nimeshamwachisha mmoja." Shemeji, ambaye dada yake alikuwa amemsimulia kisa cha yule kijana wa pole, alitoa sauti ya kicheko katikati ya msiba akajiziba mdomo. "Katibu ataniongezea mtu wa kulala hapa. Nimeshasema naye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kaka. Hiki nimekilalia mimi. Niacheni niseme kinatandikwaje."

Kaka aliinuka, akachukua kofia yake. "Ukiozea humu ndani, usije ukasema sikukwambia." Akatoka bila kuaga. Twiga alisogea kando kumpisha, akagonga kichwa kwenye kizingiti, na safari hiyo hakuna aliyecheka.

*

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu, na Fundi hakumficha mtu. Twiga alikuwa na mikono, lakini hakuwa mkewe. Jioni alipotoka kuoga hapakuwa na wa kubishana naye juu ya mwalimu mkuu. Kitanda cha pili kilibaki kimeunganishwa na chake, na Twiga alipouliza kama akiondoe, aliambiwa, "Bado." Hakuuliza tena.

Na siku moja mambo yalikwama. Msaidizi wa usiku aliondoka asubuhi kama kawaida yake, Twiga akawa ameamka na homa, mtu wa zamu aliyetumwa na chama akapotea njia. Fundi alilala pale, nguo zimelowa, nzi akitembea kwenye paji la uso wake kama mwenye shamba. Alipuliza. Nzi akaruka, akarudi. Jua lilipita dirishani lote. Alimfikiria kaka yake na chumba cha uani, na kwa mara ya kwanza alikiona kile chumba kikiwa na dirisha zuri. Alipofikiwa hatimaye, hakumgombeza yule mtu. Aliomba aogeshwe, mchana ule ule, kisha apigiwe simu Katibu. Katibu ndiye aliyegombezwa, sawasawa, naye akakubali kosa. Tangu siku hiyo jirani wa mkono wa kushoto alikaa na ufunguo wa akiba, akawa anachungulia asubuhi.

Kaka hakuonekana. Salamu zilipita kwa watu. Kisha mchana mmoja Fundi alikuwa anarudi kutoka kwa kinyozi. Marehemu ndiye aliyekuwa akimnyoa nyumbani, na ilimchukua muda kukubali wembe wa mtu mwingine. Lakini kwa kinyozi kulikuwa na benchi la wanaume wasio na haraka, wakichambua dunia na kuikosoa, na humo alipata ubishi wa kumtosha juma zima. Fundi na Twiga walipokata kona wakamwona mzee mmoja amekaa kwenye ngazi ya mlango wa Fundi, kofia magotini, fimbo kando yake.

"Nani hao?" mzee aliuliza walipokaribia. Alikuwa kaka.

"Mimi."

"Ulikuwa wapi?" Aliinuka kwa hasira. "Nimegonga mlango huu mpaka mkono unauma! Nimeita! Nikasema basi, mdogo wangu amefia ndani, na yule mrefu amekimbia!"

"Nilikuwa kwa kinyozi."

"Kwa kinyozi!" Kaka alirudia kana kwamba ameambiwa mwezini. Alinyoosha mkono kumshika mdogo wake bega, akashika hewa, akanyoosha tena, akalipata. Fundi akaona kwamba macho yale makubwa yaliyozoea kuwatisha watu yalikuwa yamefunikwa na ukungu.

"Kaka. Hukuniona kwenye kona pale."

Mzee alikaa tena kwenye ngazi, akiipapasa kwanza kwa kiganja. "Ni sukari," alisema. "Daktari anasema kilichoondoka hakirudi. Gari siendeshi tena. Nimekuja kwa miguu, naulizauliza njia kama mgeni. Wanangu hawajui kiasi gani. Wakijua..." Aligeuza kofia mikononi. "Mkubwa ameshaanza kusema habari za kuuza ghala. Anasema nipumzike. Jana walikaa mezani wakajadili nitalala chumba gani, nami nipo."

Fundi alikuwa na maneno yaliyokuwa yamekaa tayari tangu siku ya mazishi. Aliyatafuta, akaona hayana ladha. "Twiga, mletee kaka maji ya kunywa," akasema. Akamwomba Twiga aegeshe kiti sambamba na ngazi, na wale ndugu wawili wakakaa wanatazama barabara, mmoja anaiona na mwingine anaisikiliza.

"Nilikuonea siku ile," kaka alisema.

"Uliogopa."

"Ndiyo. Niliogopa." Alikunywa maji. "Hicho chama chako. Kinapokea wasioona? Hata watu wazima kama mimi?"

"Kinapokea. Nitakupeleka kwa Katibu mwenyewe. Ana ulimi, jiandae."

Kaka akacheka kidogo, kicheko kikavu. Walizungumza habari za marehemu, jinsi alivyowahi kumrudisha kaka ghalani na ubao wenye nyufa aliotaka kuwauzia, na kaka akakiri ubao ulikuwa na nyufa. Jua lilipoanza kulegea mzee akasema ni wakati wa kwenda, watoto wasije wakaanza kumtafuta.

"Twiga atakusindikiza," Fundi akasema.

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa hapa."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Nataka kukaa kidogo. Kiwiko chake hiki hapa, kaka, ushike wewe, asikushike yeye. Mwambie unakotaka kupita, atapita huko."

Kaka alivaa kofia, akapapasa mpaka akakipata kiwiko cha Twiga. Walisimama. Twiga hakutoa hatua. Alikuwa anangoja. Mzee akageuza uso kushoto, kisha kulia, akisikiliza magari na sauti za watu.

"Nipitishe njia ya sokoni," akasema. "Ni ndefu, najua. Nataka kusikia watu."

Wakaondoka, mmoja mrefu, mwingine mpana, na mpana ndiye aliyekuwa akionyesha njia kwa fimbo.